Mrithi Asiye wa Ukoo

Washairi wa pwani wana kanuni moja ya kujibizana ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote cha sheria, na bado hakuna aivunjaye asionekane. Mtunzi akitupa shairi, anayelijibu hushika bahari ileile, na mara nyingi huchukua hata vina vilevile. Kisha, ndani ya nyumba hiyo ya mwenzake, husema jambo ambalo mwenzake hakulisema. Hivyo ndivyo Muyaka bin Haji wa Mombasa alivyopambana kwa tungo na Zahidi Mngumi wa Lamu katika zama za uhasama wa miji yao. Anayerudia yaliyokwisha kusemwa huitwa mwigaji. Anayeshika vina akaacha hoja huchekwa. Na anayeviacha vyote viwili, akabaki na jina la shairi la kwanza ili apate wasikilizaji, huyo wazee hawakumtafutia hata jina la kumwita.

Wamarekani wamempatia jina, na ni jina la heshima: humwita mtengenezaji wa mwendelezo. Mfano wake mmoja ni filamu ya The Rage: Carrie 2, iliyoongozwa na Katt Shea na kutolewa Machi 1999, miaka 23 baada ya Carrie ya Brian De Palma. Huenda msomaji wa mashairi akauliza filamu ya kutisha ya wanafunzi wa sekondari inahusiana vipi na mambo ya vina na mizani. Jawabu ni kwamba mwendelezo wa hadithi nao ni namna ya kujibu, na filamu hii ilijibu vibaya katika jambo ambalo watu wa pwani na wa bara yake walilijua kabla hawajaiona senema: ni nani anayemrithi nani, na kwa njia gani.

Kwanza na itazamwe ile ya mwanzo. Carrie ya mwaka 1976, iliyotokana na riwaya ya Stephen King ya mwaka 1974, husimuliwa kwa kawaida kama kisa cha msichana mwenye uwezo wa kusogeza vitu kwa nguvu ya fikira, ambaye wenzake walimmwagia ndoo ya damu ya nguruwe katika dansi ya kumaliza shule, naye akawateketeza. Usimulizi huo ni kweli, lakini ni sawa na kulieleza shairi kwa kutaja kibwagizo tu. Kisa kinaanzia bafuni. Carrie White, anayeigizwa na Sissy Spacek, anaoga baada ya michezo, anaona damu, hajui ni nini. Anadhani anakufa. Anawakimbilia wenzake huku mikono yake imelowa, nao wanamrushia sodo na taulo za kike, wakimzomea. Mwalimu mkuu, anapoletewa shauri hilo, hata jina la mtoto analikosea. Na nyumbani, mama yake, Margaret, anayeigizwa na Piper Laurie, hana neno la kumfunza. Ana kofi na kitabu, na kijichumba cha giza cha kumfungia asali mpaka atubie dhambi ya kuwa mwanamke.

Waswahili wana methali yake: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hutumiwa kwa mtoto mtukutu, na ulimwengu ndani yake ni kama mwalimu mkali. Filamu ya De Palma ni methali hiyo iliyopinduliwa ili uso wake wa pili uonekane: je, mama akikataa kufunza, na ulimwengu ukafunza kwa kuzomea, huyo mtoto atakuwa na deni kwa nani? Kila kitu ndani ya Carrie kinakwenda kwa damu ya kike. Inaanza na damu ya mwali, inapita kwenye damu ya mnyama inayomwagwa kuigiza ile ya kwanza, na inaishia nyumbani, ambapo mama anamchoma mwanawe kisu na mwana anampigilia mama mlangoni kwa visu vya kupikia. Baba hayumo. Aliondoka kabla kisa hakijaanza, na kisa hakimhitaji.

Ili kosa la filamu ya pili lionekane wazi, inafaa zote mbili zitazamwe kutoka mahali ambapo hesabu ya ukoo si jambo la kupita. Turiani, katika Wilaya ya Mvomero, Mkoa wa Morogoro, ni mahali pa namna hiyo. Mji huo uko chini ya milima ya Nguru, karibu na mashamba ya miwa ya Mtibwa, na kama miji mingine midogo ya Tanzania ulizoea kuiona dunia kupitia vibanda vya video: mabenchi ya mbao, televisheni moja na kanda au sahani iliyozungukia mikono mingi. Katika vibanda vya aina hiyo ilizaliwa kazi ya kutafsiri filamu kwa mdomo, ambayo iliwapatia watu kama Lufufu na DJ Mark jina kubwa kutoka Dar es Salaam. Mfasiri huyo hakusoma maandishi chini ya picha. Aliwaambia watu nani ni nani: huyu ni mjomba wa yule, huyu ni mke mwenza, huyu hana haki ya kusema katika nyumba hii.

Na mfasiri wa Turiani angekuwa na kazi ngumu mbele ya Carrie ya pili. Wenyeji wa upande huo ni Wanguu, Wazigua na Waluguru, na wote hao huhesabu ukoo kwa mama. Mwaka 1967 mwanaanthropolojia T. O. Beidelman alichapisha kitabu kizima juu ya jamii hizi za mashariki ya Tanzania, kwa sababu ni ukanda mzima wa watu wanaofanana katika jambo hilo. Upande wa baba una heshima yake, na mtoto huufahamu. Lakini anapoulizwa yeye ni wa nani, hutaja tumbo lililomzaa. Ardhi ya ukoo ilipita huko, na kauli ya mjomba ilitoka huko. Na elimu ya mwili wa mwanamke ilipita huko pia. Mwali alipoona damu yake ya kwanza hakuachwa ashangae. Aliwekwa ndani, akapewa wa kumfunza, akaimbiwa, akaonywa, kisha akatolewa mbele ya watu kwa ngoma, na damu aliyoiona ikawa habari njema ya ukoo mzima. Visiwani na pwani kazi hiyo ilikuwa ya somo au kungwi, na hata leo bibi aliyekwisha kuwa mkongwe humtaja somo wake kwa sauti ya mtu anayemtaja mzazi.

Haifai kuipamba mila hiyo kuliko ilivyostahili. Kuwekwa ndani kuliwakosesha wasichana wengi masomo, na kutolewa kwa mwali mara nyingi kulikuwa mlango wa kuozwa kabla ya wakati. Lakini mila yenye makosa ni jambo moja, na msichana kusimama peke yake bafuni akidhani anakufa ni jambo jingine. Mwanamke wa makamo wa Turiani, akikalishwa mbele ya Carrie ya kwanza, hangehitaji kuelezwa kinachotisha. Angeona mwali asiye na somo, na angejua tangu dakika ya tano kwamba nyumba hiyo itaanguka. Nyumba inaanguka kweli.

Sasa na ije ya pili. Msichana wake ni Rachel Lang, anayeigizwa na Emily Bergl. Mama yake amepelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, naye analelewa na watu baki. Rafiki yake mkubwa, baada ya kuchezewa na kijana mmoja wa timu ya mpira, anajirusha kutoka juu ya paa la shule. Inafichuka kwamba vijana wa timu hiyo wana mchezo wa kuhesabiana pointi kwa kila msichana waliyelala naye. Rachel anapendwa na mmoja wao, anarekodiwa kwa siri akiwa naye, na picha hizo zinaonyeshwa hadharani katika tafrija. Uwezo wake unalipuka, nyumba inawaka, watu wanakufa. Na kwa nini anao uwezo huo? Kwa sababu, anaambiwa, yeye na Carrie wamezaliwa na baba mmoja: Ralph White, yuleyule aliyeondoka kabla kisa cha kwanza hakijaanza.

Hapa ndipo filamu inapojivunja mgongo. Kiingereza kina neno la undugu wa nusu lisilosema nusu hiyo ni ya mama au ya baba, na mtu anaweza kulipitisha bila kuulizwa. Kiswahili hakiruhusu uficho huo. Mfasiri wa kibandani lazima aseme: huyu ni nduguye Carrie kwa baba, mama mbalimbali. Na akisha kusema hivyo, benchi zima la Turiani litamgeukia. Kwa baba? Basi si wa tumbo lile. Si wa nyumba ile iliyoanguka. Hakufungiwa katika kijichumba kile, hakunyimwa funzo na mama yule. Amerithi nini, kama si moto tu?

Swali hilo haliihusu desturi ya Uluguru na Nguru peke yake. Linahusu mantiki ya hadithi. Watengenezaji walihitaji kamba ya kuifunga hadithi mpya kwenye jina la zamani, wakaichukua ile iliyokuwa nyepesi kuliko zote, baba ambaye hakuonekana, na ambaye kwa hiyo angeweza kupewa watoto wowote. Mswada wenyewe ulianza ukiwa kisa kilichojitegemea, ukachochewa na kashfa ya kweli ya mwaka 1993 katika mji wa Lakewood, California, ambako kundi la vijana wa sekondari lilihesabiana pointi kwa namna ileile. Jina la Carrie lilibandikwa baadaye. Ni kama mtu aliyetunga shairi lake kwa bahari yake, kisha, alipoona halina soko, akalitia kibwagizo cha Muyaka.

Na hata baada ya kubandika jina, mrithi halali alikuwapo, hai, mbele ya kamera. Sue Snell, mmoja wa waliomzomea Carrie bafuni, ndiye peke yake aliyejutia akajaribu kulipa deni: alimwomba mpenzi wake ampeleke Carrie kwenye dansi badala yake. Wema huo ndio uliomfikisha Carrie chini ya ndoo. Carrie ya kwanza inamalizika kwa ndoto ya Sue: anaweka maua juu ya kaburi, mkono wenye damu unatoka ardhini na kumshika, anaamka akipiga mayowe, na mama yake anamkumbatia. Amy Irving aliyemwigiza Sue, na Priscilla Pointer aliyemwigiza mama huyo, walikuwa mtu na mama yake mzazi katika maisha yao ya kweli. Filamu iliyoanza na mtoto asiye na mama wa kumwambia neno inafungwa na mtoto aliyeshikwa na mamaye, na bado hofu haimwachi. Hapo De Palma alimwachia atakayejibu neno la kujibia. Maana kilichobaki hai baada ya moto si uwezo wa ajabu. Ni hatia ya aliyeshuhudia.

Irving alikubali kurudi mwaka 1999. Sue amekuwa mshauri nasaha wa shule, mwanamke mtu mzima anayekaa na wasichana wenye msiba. Ni nani aliyefaa zaidi kuwa somo wa Rachel? Mwanamke aliyemzomea mwali mmoja akafa, sasa analetewa mwali wa pili: hilo peke yake ni shairi la kujibu, lenye vina vya kwanza na hoja mpya. Lakini filamu haikumpa kazi hiyo. Ilimpa kazi ya karani. Anachunguza nasaba, anamtajia Rachel baba yake, anampeleka kwenye magofu ya shule iliyoungua ili vipande vya filamu ya kwanza vipate nafasi ya kuonyeshwa tena. Kisha, alipomaliza kueleza, anafika mlangoni pa nyumba ya tafrija na kuuawa kwa chuma cha kuchochea moto kilichopenya mlango, bila ya aliyemuua hata kujua kwamba yupo. Miaka 23 ya hatia ilifutwa kama mtu anavyofuta ubao. Ndoto ya mwisho, ambayo katika filamu ya kwanza ilikuwa ya Sue, imepewa kijana mpenzi wa Rachel, ili watu washtuke kwa mara ya pili kwa jambo lilelile.

Watetezi wa filamu hii wapo, na wana hoja. Watasema kwamba mchezo wa pointi ni maovu ya kweli kuliko ndoo ya damu, na kwamba kuwaonyesha vijana wa kiume wakilindwa na wazazi na waalimu kwa sababu wao ni nyota wa mpira ni ujasiri. Hilo ni sahihi. Watasema kwamba Bergl ameigiza kwa moyo, na hilo nalo ni sahihi. Zaidi ya hayo, kuna dakika chache karibu na mwisho ambapo mama wa Rachel, aliyetoroshwa hospitali, anaingia katika nyumba inayowaka. Mwana anamlilia mama, na mama anamwona mwanawe ni mtu aliyepagawa, anamkimbia. Dakika hizo ni Carrie kweli. Zinathibitisha kwamba watengenezaji waliufahamu mlango ulipo, wakaufungua, wakachungulia, kisha wakaufunga. Hoja za watetezi, kwa hiyo, zinaitetea filamu ambayo ingekuwapo kama jina la Carrie lisingebandikwa. Hazikitetei kitendo cha kulibandika.

Wala si kweli kwamba kila mwendelezo lazima uwe hivyo. Wasomaji wa Visiwani wanalo jawabu kabatini. Mohamed Said Abdulla alipoandika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, angeweza kumrudisha Bwana Msa katika mzimu uleule mara tano. Hakufanya hivyo. Katika Kisima cha Giningi cha mwaka 1968, katika Duniani Kuna Watu cha mwaka 1973 na katika vilivyofuata, alimrudisha mtu, kiko chake na akili yake, lakini akampa fumbo jipya. Msomaji aliyekipenda kitabu cha kwanza alikikuta cha pili kikimheshimu. Huko ndiko kushika bahari.

Ubaya ni kwamba soko la filamu za Kiswahili halikumfuata Bwana Msa. Lilimfuata mbandikaji wa jina. Katika miaka ya 2000, filamu za Dar es Salaam zilipoanza kujaa madukani, zikiwamo za kutisha kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, ilizoeleka hadithi moja kukatwa vipande viwili na kuuzwa mara mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Sehemu ya pili haikuwa jawabu wala nyongeza. Ilikuwa ni ileile iliyorefushwa, mnunuzi akilipa tena ili aujue mwisho alioulipia mwanzo. Mtu anayelaumu Hollywood kwa Carrie ya pili, akainunua sehemu ya pili ya namna hiyo bila kunung'unika, ana nusu ya haki ya kulaumu.

Na kinachopotea kwa tabia hiyo si starehe tu. Shule za wasichana za Afrika Mashariki zina hofu zao zinazosubiri mtunzi. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya misheni ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Waliopatwa walifika 95 kati ya wanafunzi 159, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Ulimwengu umekigeuza kisa hicho kuwa kichekesho. Waliokiona hawakucheka: wasichana walilia, walikimbia, walikataa kushikwa. Tangu hapo, mara kwa mara, wasichana wa shule wameanguka na kupiga mayowe, wakubwa wakaitwa wa dini na wa hospitali, na mara chache mno akaulizwa msichana mwenyewe ni jambo gani ambalo hakuwa na pa kulisema.

Mwaka 2018 Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika taulo za kike. Mwaka 2019 kodi hiyo ikarudishwa, kwa maelezo kwamba wafanyabiashara hawakuwapunguzia wanunuzi bei. Huenda maelezo hayo yalikuwa ya kweli. Lakini kati ya karani wa kodi na muuza duka, msichana wa kidato cha pili katika kijiji kilicho chini ya milima ya Nguru alibaki palepale alipokuwa Carrie mwaka 1976: na damu yake, na aibu aliyofunzwa na ulimwengu. Unyago uliomfunza nyanya yake umefifia. Shule iliyochukua nafasi yake humfunza mchoro wa kizazi ubaoni, na kumwachia yaliyobaki.

Huo ndio mwendelezo wa Carrie unaongoja kutungwa, na hauhitaji baba wa kuzuliwa wala nyumba ya kifahari ya kuchomwa. Unahitaji Sue mmoja: msichana aliyezomea, akakua, akawa mwalimu wa zamu katika bweni la Turiani, na usiku mmoja akabishiwa hodi na mtoto mwenye mikono iliyolowa. Atakachomwambia mtoto huyo kabla ya kulipambazuka ndicho kitakachoonyesha kama mtunzi amejibu, au amebandika jina.